Mteja wa mabondo anataka kunilipa kwa USDT, na shemeji anasema vita vitapandisha Bitcoin. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nanunua mabondo ya sangara (vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki) mialoni na kuyauza hapa Kirumba, Mwanza, kwa wanaosafirisha kwenda China. Mnunuzi wangu mpya anasema kuanzia mwezi ujao atanilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali, kwenye simu, maana benki zinamchelewesha. Shemeji yangu ameshabikia sana. Anasema dunia inaelekea vita kuu, dola itakufa, na wenye akili wanakimbilia Bitcoin, kwa hiyo ile milioni sita yangu ya akiba niiweke huko kabla mambo hayajaharibika. Amejitolea kunifungulia pochi ya kutunzia sarafu hizo kwenye simu yake. Mume wangu amekaa kimya. Nisaidie.
Mama wa mabondo, Kirumba

JIBU: Marahaba, dada. Umeuliza mambo matatu, na shemeji yako ameyachanganya yakawa moja: malipo ya mzigo, akiba ya milioni sita, na nani ashike pochi. Kila moja lina jibu lake. Naanza na la vita, kwa sababu ndilo linalozungumzwa kila kijiwe kuanzia Makoroboi hadi Igoma, na ndilo linalowafanya watu watoe fedha kwa haraka.

Shemeji anajipinga mwenyewe. Anasema dola itakufa, papo hapo anafurahi ulipwe USDT. USDT ni sarafu ya kidijitali iliyofungamana na dola. Inatolewa na kampuni iitwayo Tether, tangu 2014, na ahadi yake ni kwamba kila USDT moja ina dola moja nyuma yake. Sehemu kubwa ya fedha inayoishikilia imewekwa kwenye hati za muda mfupi za deni la serikali ya Marekani. Anayeikimbia dola kwa kuingia USDT ameikopesha Marekani kupitia mlango wa nyuma. Dola ikishuka dhidi ya shilingi, USDT zako zinashuka nayo siku hiyohiyo, na hilo tumelishuhudia juzi tu: mwaka 2024 dola ilifika karibu shilingi 2,700, na kabla ya Mwaka Mpya ilikuwa imeporomoka kuelekea 2,400. Aliyejaza dola bei ikiwa juu alipoteza kama moja ya kumi ya akiba yake, na hakuna bomu lililohusika.

Bitcoin ni jambo lingine. Haina kampuni nyuma yake. Ilianza Januari 2009, aliyeianzisha alijiita Satoshi Nakamoto na hajulikani mpaka leo, na kanuni zake zinaweka kikomo cha sarafu milioni 21. Hakuna serikali inayoweza kuamua kutoa zaidi ili kugharamia jeshi lake. Hapo shemeji ana hoja, na naelewa kwa nini maneno hayo yanawaingia vijana wetu. Lakini wewe unataka kujua kitu kimoja: siku vita vinapoanza, bei inakwenda wapi?

Februari 24, 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Bitcoin ilianguka chini ya dola 35,000. Ndani ya wiki moja ikarudi juu ya 43,000, na hapo ndipo habari ya kimbilio ilipopata nguvu. Vita viliendelea, bei haikuendelea. Juni ilikuwa imeshafika chini ya 20,000, na Novemba, soko la sarafu la FTX lilipofilisika, ilikuwa kwenye 16,000. Aprili 2024, usiku wa Jumamosi Iran iliporusha droni na makombora kuelekea Israeli, ilishuka kutoka 67,000 hivi hadi karibu 61,000 kwa saa chache. Juni 13, 2025, Israeli ilipoishambulia Iran, dhahabu ilipanda na Bitcoin ikashuka, siku ileile. Juni 22 Marekani ilipiga vituo vya nyuklia vya Iran, na Bitcoin ikaenda chini ya 100,000. Tarehe 24 mapigano yaliposimama, ikarudi juu ya 105,000.

Ukizipanga tarehe hizo unaona mwenendo wenyewe: inashuka vita vikianza, inapanda hofu ikitulia. Anayekuambia ununue leo kwa sababu vita vinakuja kesho anakuambia ununue kabla ya bei kushuka.

Sababu yake inaeleweka. Soko la hisa la New York hufungwa mwisho wa wiki, soko la Bitcoin halifungwi hata usiku wa manane, kwa hiyo mwenye hofu Jumamosi usiku anauza kile kinachouzika. Tena wengi wa wachezaji wa soko hilo wamenunua kwa mkopo. Bei ikishuka kidogo, mitambo ya masoko inauza mali yao kwa lazima, na kuuza huko kunaishusha bei zaidi. Oktoba 2025 haikuhitaji hata vita. Bei ilipita 126,000 mwanzoni mwa mwezi, tarehe 10 Rais Donald Trump akatishia ushuru mpya kwa bidhaa za China, na dau za mkopo zenye thamani ya dola bilioni 19 hivi zikafungwa kwa lazima ndani ya siku moja. Novemba haijaisha, Bitcoin ilikuwa imeshashuka chini ya 90,000.

Walioogopa kwelikweli, wenye mabilioni, walikwenda kwingine. Mwaka 2022 mataifa ya Magharibi yalizuia akiba ya Urusi ya karibu dola bilioni 300. Tangu hapo benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Wakia moja ilipita dola 3,000 Machi 2025, na Oktoba ikapita 4,000. Benki Kuu yetu nayo inanunua dhahabu, na sisi hapa Mwanza tuna kiwanda cha kuisafisha kilichozinduliwa Juni 2021. Sikwambii ukanunue dhahabu, maana vipande vya mtaani vina utapeli wake. Nataka tu ujue kwamba benki hizo, zilipotafuta pa kujificha na vita, zilijaza dhahabu na si Bitcoin.

Kuna mahali ambapo kripto, yaani sarafu hizi za kidijitali, ilisaidia watu vitani, na ni haki kulisema. Siku mbili baada ya uvamizi, serikali ya Ukraine iliomba hadharani michango ya Bitcoin, USDT na sarafu nyingine iitwayo Ethereum, na makumi ya mamilioni ya dola yaliingia ndani ya wiki chache. Wako wakimbizi waliovuka mpaka na akiba yao yote ndani ya kifaa kidogo cha mfukoni. Kwa mtu anayekimbia nyumba yake usiku, hiyo ni faida kubwa.

Lakini ilete karibu. Mji wa Goma, Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na noti zikawa adimu. Wenzako wanaopeleka dagaa Kongo wanayajua hayo kuliko mimi. Mwenye USDT mjini Goma bado alihitaji mtu wa pili, mwenye noti, aliye tayari kumpa. Sarafu iko kwenye simu, unga uko dukani, na katikati lazima awepo mtu huyo. Vita vikifika mahali, huyo ndiye anayeadimika, na akipatikana anakata atakavyo. Halafu kuna suala la mtandao wenyewe. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, kwa siku kadhaa mtu aliyekuwa na USDT hakuweza kuzigusa. Hazikupotea, ila msiba, hospitali na chakula haviwezi kungoja.

Sasa nikwambie vita vya mbali vinavyokufikia wewe, kwa sababu vinakufikia, na si kwa njia anayoisema shemeji. Vinaanzia kwenye petroli ya boti. Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani ilipita Mlango wa Hormuz, kati ya Iran na Oman. Njia ile ikitikisika, au msafirishaji mkubwa wa mafuta kama Urusi akiingia vitani, bei ya pampu ya Nyakato inatikisika. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Na Mwanza tunalipa zaidi ya Dar es Salaam, kwa sababu ya safari ya lori. Mwenye boti akiona hivyo anapunguza kwenda mbali, sangara wakubwa wanapungua mwaloni, mabondo makubwa yanapungua nao, na mnabaki mnagombania mzigo mdogo kwa bei kubwa.

Hapo ndipo fedha yako inapohitajika. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo hulifuata soko la dunia kwa kuchelewa. Kwa hiyo ukisikia leo kwamba Ghuba imewaka moto, unao muda kidogo wa kujipanga: kununua mzigo kabla wavuvi hawajapunguza safari, kuacha kukopesha mawakala wa visiwani kwa mwezi huo, kumlipa mwenye boti mapema ili asikuuzie mpinzani wako. Milioni sita ikiwa shilingi inafanya kazi yote hiyo. Ikiwa Bitcoin, wiki hiyohiyo ndiyo imeshuka, na ukiitoa unaitoa kwa hasara.

Usafiri nao huguswa. Juni 23, 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege za mizigo zinazotoka Afrika Mashariki kwenda Asia nyingi hupitia Ghuba. Mnunuzi akikuambia siku kama ile mzigo umekwama, huenda anasema kweli, na malipo yako yanasogea. Jiwekee akiba ya kuvumilia hilo.

Nirudi kwenye USDT ya mnunuzi, ambayo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi katika barua yako.

Sheria kwanza. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, akizindua jengo la tawi la Benki Kuu hapahapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo, na watu wengi wakaondoka wakidhani zimeruhusiwa. Hakusema hivyo. Kilichofuata ni kodi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, kuanzia Julai 1 mwaka huo. Kisha kanuni za 2025 zikakataza kupanga bei za bidhaa kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani. Wewe unauza Kirumba, kwa mtu anayepokea mzigo Kirumba. Bei yako iandikwe kwa shilingi, na ukidhulumiwa, shilingi zilizoandikwa kwenye risiti ndizo utakazoweza kuzidai.

Halafu muulize mnunuzi, kwa upole: benki gani inachelewesha? Kama ana akaunti nchini, kutoka benki moja kwenda nyingine fedha hufika siku hiyohiyo. Kama fedha inatoka China, uhamisho wa benki huchukua siku chache, lakini unaacha karatasi utakayomwonyesha ofisa wa TRA. Anaweza kuwa na sababu nzuri. Wafanyabiashara wengi wanatumia USDT kwa sababu ni rahisi na dola za benki zilishawahi kuwa adimu, kama 2023. Ila sababu nzuri inaelezeka, na asiyetaka kuieleza usimpe gunia.

Kuna jambo ambalo vijiweni halisemwi. Kampuni ya Tether inaweza kuzizuia USDT zilizo kwenye anwani yoyote, na imeshafanya hivyo kwa anwani maelfu. Machi 2025 ilizuia za thamani ya dola milioni 28 hivi kwenye soko la Kirusi liitwalo Garantex, lililokuwa chini ya vikwazo vya Marekani. Mwezi mmoja kabla, soko la Bybit liliibiwa sarafu za karibu dola bilioni 1.5, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likaitaja Korea Kaskazini kuwa mwizi. Fedha kama hiyo haikai mahali pamoja. Hukatwakatwa, hupitishwa kwenye anwani nyingi, hubadilishwa kuwa sarafu nyingine, na mwisho wake lazima inunue kitu halali mahali fulani ili isafishike. Kitu chepesi, chenye thamani kubwa, chenye soko Asia. Bondo lililokaushwa lina sifa zote tatu. Simtuhumu mnunuzi wako, simjui. Nasema tu kwamba ukipokea USDT chafu bila kujua, zinaweza kuzuiwa zikiwa mikononi mwako, na mabondo yako yameshapanda ndege. Vita na vikwazo vya mataifa makubwa vinaweza kukuingilia kwa njia hiyo, ukiwa hapo Kirumba na mizani yako.

Utapeli wa kawaida nao upo. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu akaipa jina USDT. Inaonekana kwenye pochi, tarakimu zinang'aa, lakini haiuziki popote. Picha ya skrini ya muamala inatengenezwa kwa dakika moja. Na USDT husafiri kwenye mitandao tofauti, wa Tron ukiwa miongoni mwa maarufu. Ukimpa anwani ya mtandao mmoja yeye akatuma kwa mwingine, ni kama mzigo umepakiwa meli ya Bukoba na mpokeaji anasubiri Ukerewe, na unaweza usirudi.

Kuuza USDT ili upate shilingi ndiko kunakoumiza wengi. Unauziana na mtu usiyemjua, yeye anakutumia fedha kwa simu. Jina la mtumaji likiwa tofauti na jina la uliyekubaliana naye, usiachie sarafu. Huenda aliyetuma ni mtu mwingine aliyetapeliwa, akidhani analipia simu au kiwanja. Akienda polisi, namba iliyopokea ni yako, na laini yako ndiyo itakayofungwa.

Ningependa umkatalie, umwambie akulipe benki hata kama utasubiri siku mbili. Kama ukiona utampoteza na umeridhika na maelezo yake, basi anza na mzigo mdogo ambao hata ukipotea utaendelea kula. Bei iwe ya shilingi, na gharama ya kubadilisha pamoja na kodi abebe yeye, kwa kuwa ni yeye aliyetaka njia hiyo. Atume kwanza kiasi kidogo cha majaribio, kama dola kumi, ukiuze hicho mpaka shilingi zifike mkononi, ndipo atume zilizobaki. Gunia litoke baada ya wewe kuziona kwenye pochi yako wewe, zikiwa zimethibitishwa, na uziuze siku hiyohiyo. Andika risiti yenye kilo, bei na tarehe. Usizilaze humo kama akiba.

Kuhusu milioni sita nimeshajibu: usiiweke Bitcoin, kwa sababu huo ni mtaji wa kukuvusha msimu mbaya. Kama moyo unataka Bitcoin, tenga kiasi kutoka kwenye faida ya msimu mzuri, kiasi ambacho hakitakuuma kikikaa miaka minne kikiwa nusu, na kisitoke kikoba wala mkopo. Ununue mwenyewe. Atakayekuja na kundi la WhatsApp linaloahidi faida kila wiki, mfukuze. Wazazi wetu walipanda “mbegu” za fedha kwenye mpango wa DECI mpaka ulipozimwa 2009. OneCoin ilikuja ikijiita sarafu ya kidijitali, ikafika mpaka kwa majirani zetu Uganda, na mwanzilishi wake Ruja Ignatova ametoweka tangu 2017. Hizo zilikuwa upatu, jina tu ndilo lilibadilika.

Mwisho, pochi. Pochi inapofunguliwa inatoa maneno 12 au 24 ya siri, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha, popote alipo, kwa simu yoyote. Shemeji anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Simu yake ikiibiwa Makoroboi, au akikwama na madeni, au Mungu akimchukua, wewe huna pa kudai. Kwa hiyo isifunguliwe kwa simu yake. Ifungue kwenye simu yako, mume wako akiwa amekaa pembeni, na kimya chake kiishe hapo: ajue ipo, ajue inavyofunguliwa, maana watoto hawatakuwa na ofisi ya kwenda kuulizia. Maneno yaandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, yasipigwe picha, yakae mnapoweka hati ya kiwanja. Na kama shemeji ameshaifungua kwake, usiibadilishe nywila tu, kwa sababu maneno anayo. Anzisha pochi mpya kabisa, uhamishie kilichomo, na anwani ya zamani mnunuzi asipewe.